Bahari ya Kioo, Igombe

Ziwa lote lile bure, hatua mia kutoka mlangoni,
nami nanunua chumvi kwa kilo.
Kabula huandika uniti za LUKU ukutani kwa mkaa.
Hanisemi. Anaandika tu.

Nakinga mvua kwa turubai, si kwa bati: kutu huua.
Taa nazima saa nne, dirisha lishike zamu.
Tumbawe likivunjika nalibandika
kwa gundi ya fundi viatu.

Jana usiku umeme ukakatika.
Nilipofika sebuleni alikwishatangulia,
kikombe mkononi, anachota, anamwaga kutoka juu,
maji yapate pumzi,
huku akihesabu, kama kawaida yake:
mia mbili na tatu,
mia mbili na nne.