Siku ya Ishirini na Tisa

Kesho majaribio yanakwisha: tulipe au tufungiwe.
Khelef kalala kochini, miwani usoni,
mvua ya Northampton inagonga dirisha la jikoni
kama mpangaji aliyesahau ufunguo.

Nyumba tatu, si utajiri. Moja Kettering,
ya matofali, imebanwa na wenziwe ubavu kwa ubavu;
chumba na sebule juu ya kinyozi, Wellingborough;
na hii tunayolala, ambayo benki nayo inalala humu.

Miaka kumi na moja zimekaa kwenye daftari jekundu
na bati la biskuti lenye risiti
zilizofifia mpaka fundi bomba na fundi paa
wamekuwa mtu mmoja, hana jina wala bei.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Na daftari lenyewe likipotea?
Januari tulilitafuta siku sita, mtoza kodi mlangoni,
tukalikuta chini ya gunia la mchele.
Ndipo Nasra akasema: Mama, programu.

Ya kwanza iliuliza tuna majengo mangapi:
hamsini hadi mia? Mia hadi mia tano?
Nikaona haya,
kama niliyekwenda kwa muuza jumla kutaka pilipili moja.

Ya pili bure. Sijamaliza kujisajili
imeshajua nanunua samaki wapi
na inanipa mkopo.

Ya tatu ilitia boila ya Kettering kwenye chakula
na karo ya Nasra ikaiita ukarabati.
Khelef alicheka mpaka akakohoa.
Haijakosea, akasema.

Ya nne ndiyo hii. Inajua tofauti
ya nyumba na nyumba.
Jana niliingiza zile pauni mia saba na hamsini za Bwana Pawlak,
alizoweka siku ya kuhamia, asije akavunja kitu.
Ikaziandika kwa kijani: Mapato.
Nikafuta. Nikaandika tena.
Mapato.
Hapana, mwanangu, nikaiambia mashine, hiyo ni amana.
Kwangu imekuja kulala tu.
Saa nzima nikipekua mipangilio
hadi nikakiona kisanduku, kidogo kama punje:
Pesa ya mtu mwingine.
Nikatia alama. Faida yetu ikaporomoka.
Nikapumua.

Lakini yupo Bi Ogden, juu ya kinyozi.
Programu imempaka nyekundu. Siku tisini na nne.
Tuma onyo la pili? Ndiyo. Baadaye.
Nikafungua daftari, ukurasa wa Novemba,
mwandiko wa Khelef umelala upande
kama wa mtu anayeandika kasimama mlangoni:
*Kafiwa na mdogo wake. Asiulizwe mpaka maua yatoke.*

Hakuniambia.
Na mimi miezi mitatu naliona pengo lile,
nikamdhania mengine,
nikihesabu usiku, kimya, kwa vidole chini ya shuka.

Maua yanatoka lini? Programu inataka tarehe,
siku, mwezi, mwaka, kwa tarakimu.
Nachungulia nje. Taa ya jirani inaonyesha
ncha za kijani kwenye udongo, bado hazijawa kitu.
Naandika Aprili, tarehe thelathini.
Uongo. Nafuta.
Nabonyeza Baadaye.

Namvua Khelef miwani, anaguna, haamki.
Kisha nalipa, mwaka mzima, pauni themanini na nne,
na kwa kuwa nimeapa kuandika kila senti
naiingiza hiyo nayo kwenye matumizi,
ya kwanza kabisa,
na programu, kwa adabu zake zote, inaniuliza:
ya nyumba ipi?