Daftari la Mweka Hazina

Bati lilikuwa la biskuti za Krismasi,
kifunikoni farasi wawili wanavuta gari kwenye theluji.
Sasa limejaa shaba, fedha, noti zenye unyevu
na harufu ya mifuko ya watu.
Mweka hazina ni mimi. Nahesabu.

Haba na haba, husema, hujaza kibaba.
Sawa. Lakini kibaba chetu kina tundu
na tundu lenyewe ni mvua.
Mvua ya bonde hili la Wales haina adabu ya kubisha hodi:
Novemba iliingia usiku, ikaling'oa daraja la miguu
kama jino bovu.
Mbao kumi na tisa zikashuka na mto;
tulizipata tatu, zimekwama nyuma ya kanisa.

Njia hii hawakuichora wahandisi.
Waliikanyaga wachimba mawe, alfajiri kwa alfajiri,
taa mkononi, mkate mfukoni, kifua kikikohoa vumbi,
wakienda kupasua vigae vya paa za miji wasiyoiona.
Wao hawakuchangishwa. Walilipa kwa visigino.
Machimbo yakafungwa, njia ikabaki
kama mazoea ya mtu aliyekwisha kufa.
Leo wanaipita wenye viatu vya bei
na vijana wa baiskeli, matope hadi kwenye kope.

Jumamosi tulipanga meza ukumbini.
Heulwen alileta jemu ya matunda ya vichakani.
Tegid alichora daraja ambalo halipo, tukaliuza.
Ubao mmoja pauni kumi na nne, misumari bure.
Mwalimu Nest alinunua mmoja kwa niaba ya darasa la tatu,
watoto wakabishana nusu saa ubao wao uwe wa ngapi,
maana hakuna aliyetaka wa mwisho
wala aliyejua mwisho ni upande gani.

Kisha akaingia Meurig wa kondoo.
Ukumbi ukanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme.
Miaka sita hasemi na watu wa baiskeli,
tangu lango lilipoachwa wazi
na kondoo wake ishirini na wawili wakaenda kutalii barabara kuu.
Mkononi, keki. Kaioka mwenyewe. Imebonyea katikati.
Akaiweka mezani bila salamu
akarudi kusimama mlangoni, kofia kifuani.

Mnada. Pauni mbili. Mbili na nusu.
Kimya kirefu, cha aibu.
Ndipo Gethin, yeye, yule wa lango,
akasema, "Arobaini," sauti ikimkwama kooni.
Arobaini, kwa keki iliyozama!
Meurig akamtazama. "Sukari haikutosha," akasema.
"Najua," akajibu kijana. "Nami sikufunga lango."
Hakuna aliyepiga makofi.
Mtu fulani alimwaga chai, tukapata cha kufuta.

Usiku huu nahesabu mara ya tatu
na mara ya tatu pia zimepungua pauni kumi na moja.
Nyonga yangu haijanipandisha kule juu mwaka wa nne sasa.
Daraja hilo sitalivuka.
Nahesabia sauti tu: Jumapili asubuhi, dirisha wazi,
breki zinalia mlimani, mbwa,
mtu anacheka huku pumzi zinamwishia.

Chini kabisa ya bati, kama kila mwaka,
kuna kifungo cha koti. Cheusi, matundu manne.
Vingine vitano nimevitia kikombeni, rafuni.
Sijui ni nani: mwenye mzaha,
mwenye macho mabovu, au asiye na kingine.
Naandika daftarini, kwenye mstari wake:
kifungo, kimoja.
Halafu nafungua pochi yangu, natoa kumi na moja,
jina siandiki,
nafunika bati.
Farasi bado wanavuta.