Vitaa Sita

Pazi alitaka mashine yake ya gemu iwake kwa ndani,
buluu, kama friji ya soda pale Mtongani.
Nikafungua skrubu nne, nikakung'uta mende,
nikaunga vitaa sita kwa risasi,
waya mwekundu kwenye volti tano.

Ikawaka.
Vijana wa kibandani wakauacha mpira kwenye skrini,
wakainamia kasha.
"Fundi, kile nini?"

Ubavuni mwa feni: kijiti cha kiberiti
na plasta ya kidonda,
matengenezo yangu ya mwaka juzi,
elfu kumi na tano.
Giza lilinitunzia siri miaka miwili,
halikudai hata senti.

"Hicho," nikasema, "ndicho kinachoizuia feni isilie."
Sikusema uongo.

Pazi bado ameinama,
uso buluu,
anahesabu kitu kwa vidole.