Gia ya Bibi Kizee

Kwanza Sabel aliniuliza umri wa magoti.
Si wangu. Magoti, alisema, ndiyo yatakayolipa.
Nikamwambia hamsini na tisa, la kushoto ni kongwe zaidi,
lilizeeka mchana mmoja boriti iliponilalia
kule Llamera, shimoni, ngazi ya tano.

Akafuta kaunta kwa kiwiko, akachora njia yangu:
kilomita nane za lami,
kisha reli ya zamani ya makaa, iliyong'olewa vyuma,
changarawe, kokoto nyeusi, handaki lisilo na taa
ambamo matone hukungoja shingoni,
halafu mlima wa zege, umechanjwa mistari ng'ombe wasiteleze,
na juu kabisa zizi la kaka yangu Fermo,
asiyeshuka tena,
na jibini lake lisilojipeleka sokoni.

"Hapa," akagonga penseli penye mwinuko, "unapandaje?"
"Nilikuwa napanda nimesimama."
"Sikuuliza ulikuwa."

Nilikuja na sahani ya meno hamsini na matatu
ndani ya gazeti, kama mtu aletaye samaki.
Ya marehemu Nel. Miaka ishirini na sita tulishuka pamoja,
na Jumapili alipanda nayo mlima ule ule
akizitukana nguzo za umeme, kila moja kwa jina lake.
Nilitaka nifungiwe hiyo.
Sabel akapitisha kidole gumba juu ya meno:
yamechongoka kama mapezi ya papa, yamelalia upande,
mnyororo mpya ungeyaruka kama mbuzi anavyoruka mfereji.
"Hii ni ya ukutani," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Ndipo akaanza hesabu. Mbele, arobaini na sita na thelathini.
Nyuma, kaseti ya kumi na moja hadi thelathini na nne.
Nikahesabu na mimi, polepole, kama anayekopeshwa:
thelathini mbele, thelathini na nne nyuma,
mguu unamaliza mzunguko na gurudumu bado halijamaliza.
"Hiyo ni gia ya bibi kizee."
"Bibi yangu," akasema Sabel, "alifika kila alikokwenda."

Iyán, mwanagenzi, mikono grisi mpaka viwikoni, akadakia:
sahani moja tu mbele, siku hizi wote ndivyo,
uzito unapungua, mnyororo hauanguki.
Sabel hakuinua kichwa.
"Na upepo ukimjia usoni kwenye lami
atatafuta gia ya katikati aikose,
kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo gizani."
Ngazi hiyo naijua. Nikanyamaza.

Tairi za milimita thelathini na nane, zijazwe kiasi cha kubonyea,
jiwe lipite chini bila kukutajia jina lake.
Breki za mafuta, za vidole viwili,
maana kushuka na kilo kumi za jibini nako ni kupanda kwa namna yake.
Fremu ya chuma, uzito utaubeba, umebeba makubwa.
"Pesa ya kaboni," akasema, "inunulie beringi."

Husemwa mchagua jembe si mkulima.
Aliyesema alikuwa na shamba tambarare.

Jumapili ya kwanza ilinyesha.
Handakini niliimba kidogo, si kwa furaha, nijue kuta ziko wapi.
Kwenye zege nikabonyeza, nikabonyeza tena,
mnyororo ukapanda jino baada ya jino, bila kelele,
na ng'ombe wa Fermo wakageuka kutazama kitu chenye mwendo wao.
Nguzo ya saba, ile Nel aliyoiita Meneja,
niliipita nimeketi, napumua kwa pua,
nisiwe na neno la kuitukana.

Ya nane nikasimama juu ya pedali,
bila sababu yoyote ambayo fundi angeikubali,
nikaitukana kwa niaba yake.