Noti ya Friji

Studio ilikuwa duka la samaki
lililofungwa miaka sita kabla yetu,
Thunder Bay, upande wa reli.
Kuta za vigae vyeupe, na katikati ya sakafu mfereji
ambamo damu ya trauti ilikuwa ikijiendea zake.
Denholm akapanga ngoma juu ya mfereji.
Hapa, alisema, makosa yatateremka yenyewe.

Noti za pesa hatukuwa nazo.
Kodi tulimlipa Hilkka Ruotsala kwa kumzolea theluji
mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na njia ya paka wake,
na kwa sharti moja, alilolitaja akiwa ameshavaa glavu:
friji isizimwe.

Ndani mlikuwa na nusu ya mnyama,
yule swala wa kaskazini mwenye pembe kama mabeleshi,
shemeji yake alimpiga risasi mwezi wa Oktoba.
Kila furushi limeandikwa kwa kalamu ya buluu:
bega. paja. ulimi. sijui.

Na friji iliimba.
Sisemi kishairi. Iliimba, mmmm, usiku kucha,
kati ya so na la, mahali pasipo na jina.
Siku ya kwanza tuliizungushia magodoro.
Siku ya pili mablanketi, na koti la Lorne juu yake,
naye akapiga besi akitetemeka.
Siku ya tatu nikarudisha kanda nyuma, tukasikiliza:
imo. Chini ya kila kitu, imo,
kama mgeni aliyekaa kimya mezani
na kumbe ndiye aliyeleta chakula.

Aila akaketi juu ya kreti,
akalegeza uzi, akakaza, akalegeza,
mmoja mmoja, hadi zote sita zikapatana na friji.
Hakusema neno. Alitutazama tu
kama mtu aliyesogeza kitanda
badala ya kupanda kuziba paa linalovuja.

Mimi niliyekaa kwenye mashine
nikaandika kwenye boksi la kanda: Usirekebishe.

Nyimbo tisa, majuma matano,
pumzi zikionekana mbele ya maikrofoni.
Wimbo wa nne, ukitega sikio vizuri,
utasikia mota ikikata
na sauti ya Aila ikiyumba kidogo,
mtu aliyeondolewa ukuta aliouegemea.
Tuliurudia mara kumi na moja.
Tukachukua ule wa kuyumba.

Santuri mia tatu, Aprili.
Mwandishi mmoja wa Toronto akasifu
“ujasiri wetu wa kukataa mizani ya kawaida.”
Denholm alilisoma hilo kwa sauti akiwa chooni.
Kijana wa Sudbury akaandika barua:
najaribu kupiga pamoja nanyi, sifiki,
je, gitaa langu lina kasoro?
Lorne akamjibu kwenye kadi ya posta:
Gitaa lako ni zima. Tafuta friji.

Agosti umeme ulikatika siku mbili.
Uliporudi, friji haikurudi nao.
Hilkka akawasha moto uani, akaita mtaa mzima,
tukala bega, tukala paja, ulimi ukagombaniwa.
Ile “sijui” tuliila mwisho.
Hadi leo hatujui.

Friji mpya ni nyeupe, ndefu, na haina la kusema.
Hilkka ndiye aliyelalamika kwanza:
nyumba imekuwa bubu, silali,
leteni hiyo santuri yenu.
Tukampelekea, na kinanda cha kuichezea,
tukasimama mlangoni na viatu vyenye matope
tukingoja aseme kitu kuhusu nyimbo.

Akaunyanyua mkono wa sindano, akauruka wimbo wa kwanza,
akaushusha pale penye mwanya, kabla ya wa pili.
Mmmm.
Akauruka tena.

Nyimbo ni tisa, Aila alimwambia.
Kwangu ni nane, akasema Hilkka,
hizo za katikati.