Fundo Lilelile

Mchwa walipoumaliza ukuta wa mashariki
Kabahenda akatuma hela kwa simu kutoka Hoima,
na ujumbe: Baba, safari hii si mbao. Tafadhali.
Mama yake akausoma mara mbili kwa sauti,
mara ya pili akilikazia lile "tafadhali"
kama msumari wa inchi nne.

Basi nikaenda dukani, Masindi mjini,
mimi niliyeangusha mikangazi ya Budongo miaka thelathini na mmoja,
mwenye vidole vinane na nusu
na sikio la kushoto lililoliwa na mngurumo wa msumeno,
nikachague picha ya mti.

Kijana Isingoma akanipangia vipande mezani.
Cha plastiki: chepesi, kikanama kama sahani ya sherehe.
Cha bati lililochapwa rangi ya mvule:
nikauliza, mvua ikinyesha je?
Akacheka. "Mzee, utadhani umeoa ngoma."
Cha tatu, saruji iliyosukwa na nyuzi,
kizito, baridi, mgongo wa kijivu,
usoni mkangazi,
mkangazi hasa, wekundu uleule
ulionipaka viganja hadi siku ya harusi.

Nikakigonga. Kikajibu kama chungu.
Nikakinusa, kijana akatazama pembeni.
Mkangazi mbichi hunukia chai iliyosahauliwa jikoni;
hiki kilinukia barabara baada ya manyunyu.

"Hakiliwi na mchwa. Hakiozi. Hakidai vanishi.
Miaka hamsini, mzee."
Nina sabini na miwili.
Kitanizika na kubaki na rangi yake.

Niseme kweli, hoja sikuwa nayo.
Nayajua mashina tuliyoyaacha kule,
kila shina lingelaza watoto wanne.
Kati yangu na msitu
mdaiwa ni mimi.
Nikalipa. Bodi arobaini na nane, na skrubu zake.

Ila zilipolazwa uani kumsubiri fundi
nikaliona fundo.
Jicho jeusi, limeinama kushoto,
na ufa mwembamba kama kope.
Bodi ya kwanza. Bodi ya nne. Ya saba.
Fundo lilelile, mahali palepale.

Mti hauumii hivyo.
Fundo ni tawi lililovunjika siku moja,
pengine radi, pengine sokwe mzito,
na mti ukakifunga kidonda polepole
miaka ishirini, bila kumwambia mtu.
Sijaona miti miwili
yenye kovu moja.

Nikamwambia Byakutaaga, fundi:
kila ya nne igeuze, juu iwe chini.
Nyingine ikate kabla ya jicho.
Nyingine jicho lifiche nyuma ya tangi la maji.
"Nani atatambua, mzee?"
"Nitakuwa nimekaa hapa."
Akakata kutwa nzima, akiguna,
vumbi likamtia mvi kabla ya wakati.

Siku hizi wapita njia husimama.
"Apuuli, umepata wapi mkangazi zama hizi?"
Siwajibu upesi.
Nawaacha waonee wivu kidogo
kisha nawaambia waguse.

Usiku ndio mgumu.
Ukuta wa zamani ulipopoa ulilia:
ka, saa mbili;
ka-ka, karibu na usiku wa manane,
kila ubao na sauti yake, hata kwa sikio moja nilizitambua.
Nyumba ilikuwa ikijinyoosha
kama mtu aliyeshinda na jembe.

"Lala, Apuuli," anasema Akiiki gizani.
"Sikiliza."
"Nisikilize nini?"
"Hicho hicho."