Arobaini ya Waridi

Siku za mwizi ni arobaini,
na waridi nalo lina arobaini yake:
likipungua sentimita mbili tu, halipandi ndege.
Mama Kerubo huyapima huko Athi River,
rula mkono mmoja, glavu hadi kiwikoni,
mwaka wa kumi na moja huu.
Jana alituletea ndoo tatu za yaliyokataliwa.
"Haya, watu wa mitindo. Vikeni mtu."

Tulikesha darasani, Ngara, ghorofa ya tatu,
madirisha wazi baridi ya Julai ituingie,
baridi ileile tuliyoilaani wiki nzima.
Cherono alipitisha majani ya mgomba juu ya moto wa gesi
yakalegea, yakakunjika kama leso iliyofuliwa mara mia.
Mutinda alirudi na bogenvilia ya ukuta wa jirani
na mbwa wa jirani nyuma yake.
Mimi nilipewa mikono:
mabua niliyalaza toka begani hadi kiwikoni,
nikiyatoa miiba kwa kucha.

Nani alijua petali ina kisirani?
Ukivuta uzi, inachanika;
ukilegeza, inaning'inia kama sikio la mbuzi.
Pamba ukiichoka unaikunja mpaka Jumatatu.
Gauni hili, ukihesabu pini, linakwisha,
ukipiga miayo, linakwisha.
Saa kumi alfajiri tulikuwa tukilinyunyizia maji
kama wauguzi.

Saa tano mwanamitindo akapiga simu: homa.
Tukatazamana.
Tukamtazama Mama Kerubo, aliyefuata ndoo zake.
Kiuno chake kilikuwa viuno viwili vya michoro yetu.
Tukafumua ubavu, tukaziba pengo kwa kangaga,
naye kasimama, mikono juu, "Mnanitekenya!"

Alitembea polepole, si kwa madaha,
kama mtu aliyebeba uji uliojaa.
Mgomba ukasema chwa, chwa, sakafuni.
Katikati ya ukumbi akasimama.
Tukadhani pini imemchoma.
Aliinamisha kidevu, akanyoosha vidole,
akapima bua moja la mkono wangu wa kushoto,
akarudia kulipima.
"Hili ni arobaini kamili," akasema, watu wote wakisikia.
"Lilinipita."

Jioni tulifagia gauni likajaa karai.
Mkono ule wa kushoto alikataa kuuvua.
Alishuka ngazi na ndoo zake tatu,
sweta bega moja, waridi bega la pili,
na mwiba niliousahau
umemchorea mstari mwekundu karibu na kiwiko,
pale ambapo glavu huishia.